Mkwe Aliyepewa Shikamoo

Jumatano mchana Flora alikuwa amekaa juu ya gunia uani kwa baba yake, Unyambwa, akiwasomea mama yake na jirani yao Emiliana huku wao wakipura alizeti. Kilikuwa kitabu cha nne cha mapenzi ya Redempta na Kasiani mnyonya damu. Vile vitatu vya kwanza walivipenda mno. Humo Redempta alikuwa mwanamke wa kueleweka: alimchomea Kasiani jeneza lake, akamwambia shingo ni yake na ataifunua siku atakayotaka mwenyewe. Katika cha nne ameolewa, na kila Kasiani akiinama, yeye anafumba macho na kusema sawa. Mwandishi aliyaita hayo mapenzi. Emiliana aliyaita uvivu, akasema huyo mwandishi amechoka, bora akalime vitunguu.

Flora hakucheka. Alikuwa amemkimbia mumewe Festo huko Sekenke, na mkono wake wa kushoto haukunyooka tena tangu Festo alipoubana na mlango. Alikuwa akisubiri baba yake, Mzee Gaspari, aseme kama atakaa au atarudishwa. Mzee alikuwa bado anafikiri.

Walipofika sura ya saba, Redempta alitoka kitabuni. Alipandisha kanga isiburuzike kwenye alizeti, akawapa wakubwa shikamoo, akaomba uji. Mama Flora akampa. Alikuwa mwembamba kuliko walivyomfikiria, na shingo yake ilijaa vidonda, vya zamani na vipya. Alipomaliza uji Emiliana alimpa fimbo naye apure, maana kazi ilikuwa nyingi. Kitabuni, mahali alipokuwa palibaki peupe, na Kasiani akawa anaita peke yake hadi mwisho wa sura.

Alilala chumba kimoja na Flora. Walichota maji pamoja, walisonga ugali pamoja, na uso wake ukaanza kupata rangi. Flora alijua vizuri anachokingoja. Mwanamke huyu akiruhusiwa kukaa, baba hatakuwa na neno la kumrudisha binti yake mwenyewe.

Kasiani alikuja Jumapili alasiri, amejikinga jua kwa mwavuli. Hakuja kwa fujo. Alikuja na mshenga na beberu wa kuombea radhi, kama inavyotakiwa mke anapokimbilia kwao. Na kwa kuwa Redempta hakuwa na kwao nje ya kitabu, kwa Gaspari pakahesabiwa kuwa kwao, na wazee wa kijiji wakaitwa kusikiliza. Beberu alipochinjwa hakutoka hata tone la damu. Mzee mmoja akasema ni vizuri, uwanja utabaki safi.

Tatizo lilikuwa salamu. Kwa sura Kasiani alikuwa kijana tu, kwa hiyo wazee walinyamaza wakimsubiri awaamkie. Hakuwaamkia. Gaspari, asije akamkosea mgeni, akamwuliza umri wake. Kasiani akajibu bila majivuno kwamba reli ya Manyoni ilipokuwa inajengwa enzi za Mjerumani, yeye alikuwa ameshazika wake kadhaa. Wazee wakatazamana. Gaspari akainuka, akavua kofia.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Wengine wakafuata, mmoja mmoja. Kikao kikaharibika hapohapo, maana mtu ukishamwamkia hivyo huwezi tena kumkalisha na kumwuliza kwa nini anamnyonya mkewe. Wakamwuliza yaliyo mepesi. Pombe hanywi. Kumpiga, hajawahi kumpiga. Kulala, hulala nyumbani, tena mchana kutwa. Wazee wakaridhika, na mmoja akasema waume wa namna hiyo siku hizi hawapatikani.

Redempta alipopewa nafasi alifungua mtandio wake.

"Sina damu ya kumpa tena," alisema. "Nikirudi nitakufa, wazee wangu."

Wakamjibu kwa upole kwamba ndoa ni kuvumiliana. Emiliana alisema kwamba wanafanya dhambi, naye akaambiwa akaangalie nyama isiungue. Kasiani akashukuru, akamshika mkewe kiwiko, wakaingia kitabuni wote wawili. Flora alifungua ile sura ya saba. Maneno yalikuwa yamejaa tena, wala hapakuwa na dalili kwamba mtu aliwahi kuondoka. Alilia waziwazi, na hakuna aliyemwuliza anamlilia nani.

Gaspari alikuwa anakula. Alifuta vidole, akamgeukia binti yake.

"Na Festo, anakunyonya damu?"

"Hapana, baba."

"Basi. Kesho nitakupeleka mwenyewe."

Mama yake akaingia ndani kumtafutia gauni la mikono mirefu.