Hodi Si Hapa

Mtaa wa gatini ulipoanza kupendeza, watu wake waliondoka. Mambo haya yana mpangilio wake. Kwanza huja wapimaji na fimbo zao za rangi mbili, halafu huja mabati ya kuzungushia, na siku mabati yakitolewa unakuta palipokuwa na bohari la chumvi pana madirisha ya vioo, miti iliyopandwa kwenye ndoo, na mtu mzima mwenye kaptura anakimbia ilhali hakuna anayemfukuza.

Fundi Turubai alibaki. Mlango wake ndio mlango wa mbao pekee uliosalia kichochoroni, umebanwa kati ya kuta mbili zilizopakwa rangi ya maziwa, kama jino bovu katikati ya meno ya bandia. Kazi yake ilikuwa kushona maturubai ya malori na vifuniko vya boti, kwa cherehani kubwa nyeusi iliyounguruma kama mtu anayekoroma kwa hasira. Chumba cha mbele kilikuwa cha cherehani, cha nyuma cha kitanda. Alikwisha kumzika mkewe zamani, na watoto hawakujaliwa. Alikuwa na paka, naye paka akahamia ghorofani kwa watu wenye samaki wa makopo, wala hakuaga.

Watu walisema amebaki kwa ukaidi. Uongo. Alibaki kwa sababu alikuwa anangoja jibu.

Jibu lilikuwa la Bi Mizani. Mama huyu alikaa mlango wa pili miaka na miaka, akipima magunia boharini, na kazi ikamwingia mpaka ulimini: neno halikumtoka kabla hajalipima. Ukimwuliza kama leo mvua itanyesha, ataangalia juu, ataangalia nguo zake kambani, kisha aseme, "Nitakwambia." Akija kukwambia, umeshalowa chapachapa. Kila jioni alichukua kigoda chake cha mbao akaja kukaa mlangoni kwa fundi.

"Hodi."

"Karibu."

"Upo?"

"Nipo. Niende wapi?"

Maongezi yenyewe yalikuwa hayo hayo, kila siku ya Mungu. Fundi hakujua kwamba kile ni chakula mpaka alipoanza kuona njaa.

Bohari lilipofungwa, Bi Mizani akafunga mizigo aende kwa kaka yake, mji wa mbali. Fundi alisimama akimwangalia anavyokaza kamba, na neno bado halijamtoka. Mwisho likatoka, ingawa lilitoka upande.

"Bi Mizani, hicho kigoda umekibeba kuja na kurudi miaka yote hii. Si ukiache tu hapa kwangu, moja kwa moja?"

Bi Mizani aliacha kamba. Akakiangalia kigoda, akamwangalia fundi.

"Hilo si la kujibu nikiwa nimeshika mizigo," akasema. "Usinifuate, wala usinipigie simu. Mtu akisukumwa anapima vibaya. Nikilipata jibu nitakuletea mwenyewe, hapa hapa mlangoni."

"Hata kama ni hapana?"

"Hata kama ni hapana. Wewe usihame tu."

Akaondoka na kigoda chake.

Subira huvuta heri, wahenga walisema, ila hawakusema kamba yake ina urefu gani. Fundi alingoja. Mbele ya maji wakajenga njia ya kutembelea, wakaweka taa na mabenchi. Jioni alijaribu kwenda kukaa. Kila benchi lilikuwa na mkono wa chuma katikati, ili watu wawili wasije wakakaribiana kwa bahati mbaya. Akakaa upande mmoja, upepo ukakaa upande wa pili, wala haukuwa na la kusema. Akarudi zake.

Halafu ng'ambo ya kichochoro, uso kwa uso na mlango wake, ukafunguliwa mkahawa. Jina lake liliandikwa kwa herufi za taa zilizojikunja kama mkia wa kinyonga: HODI.

Siku ya kwanza fundi alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Akasikia sauti ya kike nje: "Hodi."

"Karibu," akaitika. Akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta. Msichana mwenye simu sikioni alimpandisha akamshusha kwa macho, kisha akaendelea na simu yake: "Nimeshafika. Hodi. Hapa gatini. Kuna mzee hapa ananikaribisha, sijui ni wa mkahawa."

Basi ikawa ndio mchezo. "Tukutane Hodi." "Hodi leo wana keki?" "Hodi, we, Hodi, hupajui?" Na fundi, kwa kila moja, ataangusha mkasi, atajifuta mikono, ataitika na kufungua. Mara awe kijana na mbwa, mara mama na kigari cha mtoto. Mara asiwepo mtu kabisa, ila harufu ya manukato inayokwenda zake.

Mhudumu mmoja wa mkahawa, binti mwenye kicheko cha karibu, akavuka kuja kumchokoza.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba."

"Wateja wanasema wewe unawakaribisha kuliko sisi. Meneja anauliza kama unataka kazi."

"Mwambie meneja wako abadilishe jina. Hodi si jina la duka. Hodi ni ya mtu anayetaka kuingia."

"Sasa hao si ndio wanataka kuingia?"

"Kwenu."

Kicheko cha binti kikapungua kidogo. "Kwani kuna mgeni unamngoja?"

"Namngoja mwenye lori," akasema fundi, akainamia cherehani.

Mguu unaobanwa na kiatu huota sugu, na sikio nalo ni vivyo hivyo. Fundi aliacha kufungua. Baadaye akaacha kuitika. Baadaye kabisa akaigeuza cherehani ikatazama ukuta wa nyuma, mgongo wake akaupa mlango, na kitasa akakifunga. Hodi ikisikika karibu mno, hakuinua hata kichwa: "Hodi si hapa. Vuka ng'ambo." Alilisema vizuri, kwa adabu, kama kondakta anayetaja kituo. Alijiona amepona.

Alasiri moja ya upepo alikuwa anashona kifuniko cha boti ya mmoja wa watu wa vioo. Kitambaa kilikuwa kizito, cherehani ikilalamika. Mlango ukagongwa.

"Hodi."

"Hodi si hapa."

Kisha tena, polepole, katikati ya kelele za mashine: "Hodi."

"Dada, nimesema si hapa. Vuka ng'ambo, utaona taa."

Nyayo zilikaa kidogo pale kizingitini. Halafu zikavuka.

Jua lilikuwa linazama wakati yule mhudumu alipokuja, safari hii bila kicheko, na kikombe kilichofunikwa kwa kisahani.

"Fundi, kahawa yako."

"Sijaagiza."

"Imelipiwa. Kuna mama alikuja akakaa pale dirishani, akaagiza viwili. Kimoja akakiweka mbele ya kiti kitupu. Nikamwuliza, mama, unangoja nani? Akasema, 'Nitakwambia.'"

Sindano ilimtoka fundi vidoleni. Hakuitafuta.

"Alikaa?"

"Alikaa sana. Anaangalia mlango wako tu, mpaka chake akakimaliza na hiki kikapoa. Akasema nikuletee nikipata nafasi."

"Alikuwa na nini mkononi?"

"Begi. Na kigoda." Binti akajaribu kutabasamu. "Nikamwambia mama, viti tunavyo, akacheka."

"Kiko wapi?"

"Kipi?"

"Kigoda."

"Ameondoka nacho, fundi."

Alikimbia mpaka barabarani, aproni ikimpigapiga magotini, na kwa mara ya kwanza akafanana na wakazi wapya: mtu mzima anayekimbia bila kufukuzwa. Mabenchi yalikuwa matupu. Akatoa simu akafanya lile alilokatazwa.

Iliita mpaka akakata tamaa, ndipo ikapokelewa. Upande wa pili kulikuwa na mngurumo wa basi.

"Ulikuja," akasema fundi.

"Nilikuja. Nikaambiwa si hapa."

"Sikujua ni wewe. Ni lile jina, Bi Mizani, watu mchana kutwa—"

"Najua. Jina limeandikwa kwa taa, na mimi si kipofu. Ningeweza kurudi nikabisha tena."

"Mbona hukurudi, sasa?"

Bi Mizani alipima. Fundi alimsikia akipima.

"Nilikaa nikangoja uchungulie. Mara moja tu. Nilikwambia usihame, fundi. Mtu anaweza kuhama na mlango wake uko pale pale."

Fundi akauliza alichokuwa nacho. "Na kigoda?"

"Nimekipakata. Basi limejaa."

"Utakileta tena?"

Mngurumo ulipanda, ukashuka.

"Nitakwambia," akasema Bi Mizani.

Asubuhi fundi aliisukuma cherehani mwenyewe, ikakwaruza sakafu, mpaka ikatazama kichochoro. Mlango akauondoa kwenye bawaba, akauegemeza ukuta wa nyuma pale alipozoea kuelekeza uso. Kijana mwenye miwani alichungulia akauliza kama viti vya nje vitawekwa lini. Fundi akamwambia kimoja kiko njiani.

Wakaanza kupita. "Niko Hodi," akasema mmoja, kidevu kimebana simu begani.

"Karibu," akaitika fundi.

Yule hakugeuka. Nyuma yake alikuwa anakuja mwingine, naye midomo yake ilikuwa inajiandaa kulitamka jina lile lile. Fundi akaondoa mguu kwenye pedali ili asikie vizuri.

"Karibu," akasema.