Kisanduku Alichokisifu Baba Mkwe

Kaka yangu ni fundi wa kuchomelea. Mageti yake yamewashinda wezi, na siku nyingine hata wenye nyumba. Mtu wa namna hiyo akinunua gari la rimoti, usitegemee alichezee kama binadamu wengine.

Na nikisema gari la rimoti, ondoa mawazo kwenye kile kidude cha kuzunguka chini ya kiti. Hili lina urefu wa meza ya sebuleni, kilo kumi na tano, betri mbili nzito kama matofali, na mbio za kuiaibisha pikipiki. Unaliendesha ukiwa umesimama mbali, jambo ambalo ni la busara. Aliyesimama karibu tunamjua: baba mkwe wa kaka.

Mzee huyo ni mpima ardhi mstaafu na mwenyekiti wa klabu ya magari ya rimoti. Katika miaka kumi na moja ya ndoa ya binti yake amemsifu mkwe wake mara moja tu. Ilikuwa siku ya jaribio la kwanza la gari. Kaka alikuwa amelichomelea kisanduku cha chuma cha kukinga kipokezi, yaani kile kidude kidogo kinachopokea amri za rimoti. Mzee alipitisha kidole kwenye maungio, akatafuta kasoro, akaikosa.

"Kazi safi," akasema.

Dakika kumi baadaye gari hilohilo lilimkanyaga mguu.

Lilikuwa limekwenda vizuri mpaka hatua kama hamsini, kisha likaziba masikio. Kaka anakata kushoto, lenyewe linanyooka. Anafunga breki, lenyewe linaongeza bidii. Pamoja na hayo, kaka alirudi nyumbani anang'aa. Mguu wa mzee haukutajwa. Yale maneno mawili yalitajwa mezani wiki nzima.

Sheria ya klabu ni majaribio matatu. Ukishindwa yote, unatolewa nje ya uzio na huruhusiwi kurudi tena. Kwa kaka maana yake ilikuwa kila Jumamosi, maisha yake yote yaliyobaki, kukaa nyumbani wakati mkwewe anawaendesha wanaume wengine. Kwa hiyo alibadilisha betri, akabadilisha mota, akabadilisha waya za usukani, kama mgonjwa anayemeza kila kidonge kilichomo kabatini ili kimojawapo kijue kazi yake. Ndipo akamkumbuka mdogo wake, yaani mimi, fundi redio mwenye miaka kumi na tisa kwenye kazi.

Nilicheka kwanza. Kisha nikachukua mita ya kupimia umeme na kuanza kama ninavyoanza siku zote: betri, halafu waya mmoja mmoja mpaka mwisho. Nikakuta solda moja imelegea kwenye kidhibiti mwendo. Nikaichoma upya, na kaka nikampa mhadhara wa bure juu ya watu wanaobadilisha vitu bila kupima. Alisikiliza kwa adabu. Mhadhara ulikuwa mzuri sana.

Kwenye jaribio la pili gari lilipita katikati ya meza ya chai ya klabu.

Mzee alikuwa anaongea na simu, kwa sababu mama mkwe humpigia kila nusu saa kujua kama bado yuko hai. Akaikata taratibu. Hakumtazama kaka, alinitazama mimi.

"Na huyu ndiye mtaalamu?"

"Ndiye, baba," kaka akajibu.

"Hongereni sana."

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya jaribio la tatu, tulikuwa kwenye karakana yangu, gari limenyanyuliwa juu ya meza, magurudumu hewani, kifuniko cha kisanduku wazi ili mita ipate pa kugusa. Kila tulichojaribu kilikubali. Nililitoa mpaka barabarani, nikaliendesha kwa rimoti, hatua hamsini, sitini, kifuniko wazi, nione linakofia. Likanitii kama mtoto aliyeahidiwa peremende.

"Halina ugonjwa," nikasema. "Lina chuki na baba mkwe wako tu."

Wifi yangu, mke wa kaka, akaingia na chakula kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko wa bluu. "Baba ameniuliza kama kesho avae buti," akasema.

"Umemjibuje?"

"Nimemwambia avae jozi mbili."

Tulikula. Kaka alikuwa ameshachomoa kipokezi ili nikikague tena, kisanduku kimebaki kitupu, na meza ilijaa. Wifi, akitafuta pa kuweka sahani, akaitumbukiza redio yangu ndogo ndani ya kisanduku, mpira ukiendelea kutangazwa.

"Angalau kimepata kazi," akasema. "Tangu kizaliwe kinatunza vumbi tu."

Hapo alimgusa mtu pabaya. "Vumbi lipi? Humu vumbi halipiti." Kaka akakishusha kifuniko, akakibana kwa kiganja. "Haya, ona kama kuna hata upenyo."

Mtangazaji alikuwa anasema mchezaji amebaki yeye na kipa. Kilichofuata ni mvumo kama wa maharage yanayomiminwa kwenye sinia.

"Umenizimia mpira," wifi akasema.

"Sijagusa kitu."

Akafungua. Uwanja mzima unashangilia. Akafunga. Maharage. Akafungua tena, na sisi watatu hatukumuuliza mtangazaji nani amefunga.

Nilikaa chini. Miaka kumi na tisa natengeneza redio, na nimepewa somo la redio na redio yangu mwenyewe. Mawimbi hayapenyi chuma kilichozibwa namna ile. Antena ya kipokezi, waya mfupi kama kidole, ilikuwa imejikunja humo ndani kama mfungwa. Gari likiwa karibu, amri zilijipenyeza kidogo kwenye matundu yaliyojaa waya. Likienda mbali, kimya, na gari likashikilia amri ya mwisho liliyoisikia. Kila tulipolipima tulifungua kifuniko. Kila tulipolipeleka uwanjani kaka alikifunga kwa skrubu nane, maana baba mkwe alikuwa anatazama.

"Toboa tundu, antena itoke," nikasema.

Kaka akaingiza kipokezi mahali pake, akapima kwa waya, akatikisa kichwa. Ingetoka ncha tu.

Wifi alikuwa ameshaosha lile kontena la plastiki. Akalikausha, akaliweka mbele ya mumewe. Kaka alilitazama kama mtu aliyeagizwa achomelee geti la maboksi.

"Baba atauliza kisanduku kiko wapi."

"Mwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba kitu pekee alichowahi kukisifu ndicho kilichomkanyaga?"

"Chagua, mume wangu. Kisanduku kisifiwe wewe ukiwa nje ya uzio, au gari likimbie ukiwa ndani."

Kaka akachukua bisibisi.

Nami nikakipanga kipokezi ili kikikosa amri kifunge breki, kitu ambacho mtaalamu angekifanya siku ya kwanza. Kesho yake asubuhi tulilijaribu gari likiwa limefungwa kila kitu, kama litakavyokuwa uwanjani. Hatua themanini, linatii.

Saa tisa alasiri mzee alikuwa kwenye uzio. Alikuwa amevaa buti. Kaka akatoa shikamoo, akaitikiwa, na mzee akainama juu ya gari. Akauona mfuniko wa bluu. Akaugonga kwa kucha.

"Kisanduku kiko wapi?"

Mimi nilikuwa nimeshaandaa uongo mzuri, kwamba kimepelekwa kupakwa rangi. Nilimpa kaka njiani, bure.

"Nimekitoa, baba," kaka akasema. "Nilikiziba vizuri mno, amri haziingii. Ndicho kilichokukanyaga."

Mzee akaziangalia buti zake. "Na mtaalamu alikuwa wapi muda wote huo?"

"Alikuwa anapima betri, baba."

Ndugu wa damu.

Gari likazunguka mara tatu. Kwenye kona ya mbali, pale lilipokuwa linaasi, kaka alikata kushoto nalo likaenda kushoto. Mwishoni akalileta mbio moja kwa moja kwa mwenyekiti na kulifungia breki shubiri moja mbele ya buti. Mzee hakusogea. Wanaume wa klabu wanasema ni ujasiri. Wifi anasema baba yake alikuwa ameganda.

Akasaini karatasi. Simu yake ikaita, akaitazama, akairudisha mfukoni ikiendelea kuita.

"Kile kisanduku bado unacho?"

"Ninacho, baba."

"Simu ikiwekwa humo, italia?"

Kaka akanigeukia. Nilifurahi kutumika hatimaye. "Haitalia, mzee."

"Niletee kesho, mwanangu," akamwambia kaka. "Na Jumamosi uje mapema, tupange njia pamoja."

Mwanangu. Neno moja tu hilo, na kaka ameshakula nalo chakula mwezi mzima.

Mama mkwe naye analalamika siku hizi kwamba mtandao wa simu umeharibika, hasa siku za Jumamosi. Ameniita mimi, mtaalamu, nikaangalie kuna nini. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, nitaanzia kwenye betri.