Mzigo wa Begani Kutoka Lisbon

Usiku wa jana niliota nimo Lisbon, mji mkuu wa Ureno, kwa matembezi ya siku tatu. Ulaya sijawahi kufika. Mbali kabisa nilikofika mimi ni Voi, enzi zangu za kusoma mita za maji, na siku ileile nilirudi Malindi. Lakini tiketi nilikuwa nayo mkononi, imeandikwa jina langu, Athmani Shosi, mtu mzima mmoja, kwenda na kurudi. Chini kwa herufi ndogo: mgeni ataondoka siku ya tatu saa sita mchana, asiyeondoka ni wa hapa.

Siku ya kwanza na ya pili zilipita nikipanda ngazi. Mji ule ni vilima vitupu, na kila ngazi ukiikanyaga inakutajia umri wake, kwa upole, kama mgonjwa anayemweleza daktari. Nguo zimeanikwa madirishani lakini mtu hakuna hata mmoja. Niliuliza shati moja watu wako wapi. Likanijibu kwamba wamekwenda kutazama miji mingine.

Masikioni nimevaa kile kifaa kinachomweleza mtalii anachokitazama. Kinazungumza Kiswahili safi, kwa sauti ya mama mmoja aliyekuwa akisoma matangazo ya vifo redioni. "Kushoto kwako ni kanisa," kinasema, kisha kinanyamaza kidogo, utadhani kanisa limeacha wajane wawili na watoto tisa.

Siku ya tatu, saa tano na nusu, nakata kona ya duka la viatu, na papo hapo niko kando ya mto mpana. Jua liko utosini. Hakuna kivuli, hata changu. Mbele yangu upo mnara wa mawe meupe, na juu yake wamesimama watu wa mawe, warefu mara mbili ya mtu, wana kofia, panga na ramani. Wote wanatazama maji. Sikuhitaji kuelezwa ni kina nani. Sisi wa Malindi tunawajua Wareno. Nguzo yao ingali pale kwetu ufukweni.

Njaa ikanishika. Mke wangu, Bi Mwanasiti, alinifungia mahamri manane kwenye gazeti. Nikaketi chini ya mnara, nikafungua gazeti, nikala la kwanza, na hapo ndipo nilipokosea. Mtu wa pwani akiwa na chakula mkononi, na kuna macho yanamtazama, neno linamtoka lenyewe. Kwetu unalisema kwa kila apitaye, na kila apitaye anakujibu "Starehe," anakwenda zake. Hakuna anayekaa.

Nikainua uso nikasema, "Karibuni."

Mawe yakakwaruzana. Wa mbele kabisa akageuza shingo.

"Hilo neno tunalijua," akasema.

Wakashuka, mmoja mmoja, bila haraka. Niliwahesabu, maana kazi ya mita haimtoki mtu: thelathini na moja. Wakanizunguka wakaketi. Kila mmoja akakata kipande, akatia mdomoni, akaanza kutafuna. Wanatafuna. Hawamezi. Jiwe halina koo.

Kifaa cha masikioni kikatangaza: "Aliyekaribisha ni mwenyeji. Mwenyeji haondoki wageni wakiwa wanakula." Nikakivua nikakiweka chini. Kikaendelea kusema.

Nikajaribu kuinuka, miguu ikakataa. Kutazama, viatu vyangu vyeusi vimekuwa vyeupe, na weupe unapanda taratibu kwenye soksi. Kengele ikalia upande wa pili wa mto: saa sita kasorobo. Nikamfikiria Bi Mwanasiti ameketi nyumbani akingoja mume, na mume amekuwa nguzo.

Wale wageni walikuwa na adabu zao. Walinijulia hali. Waliuliza kama visima vyetu bado vina maji matamu, kama malimau yangalipo. Mmoja akauliza, taratibu sana, nyumba yangu ina vyumba vingapi na ni nani anayelala humo saa hizi. Mimi nikawapiga fiksi, kama desturi yangu: nikawaambia Malindi ilishazama, kwamba siku hizi ni papa tu wanaolipa bili ya maji. Wakaendelea kutafuna.

"Haidhuru," wa mbele akasema. "Safari hii mmetufuata wenyewe."

Weupe umefika magotini. Ndipo nikamwona wa thelathini na mbili.

Alikuwa amebaki juu, nyuma ya mnara, upande ambao hakuna anayepiga picha. Hana kofia wala upanga. Amefunga kikoi cha jiwe. Hakushuka, hakujibu, na wenzake walipokuwa wakitazama maji yeye alikuwa amegeuka kuelekea linakochomoza jua.

Nilisita kumwamkia. Uso wake ni wa kijana wa miaka thelathini na mimi nina sabini na mbili, lakini jiwe lake lilionekana la zamani mno. Nikaona bora nizidishe adabu kuliko kuipunguza.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. U wa wapi?"

"Malindi. Mtaa wa Shela."

Unga mweupe ukamdondoka kidevuni.

"Malindi ipo?"

"Ipo," nikamwambia. Hilo sikuweza kulidanganya.

Akanieleza kwamba jina lake ni Mbwana. Siku meli zao zilipokuja alikuwa ufukweni anakula, akasema neno lilelile nililolisema mimi. Wakala, wakasifu chakula, kisha nao wakamkaribisha kwao, akautazame mji kwa siku tatu, halafu watamrudisha. Akaenda na kikoi kimoja cha kubadilisha.

"Mji nimeutazama," Mbwana akasema. "Nimeumaliza."

Akaniambia amewasikia hawa wanavyoongea, na anajua ukaribisho wangu utavunjika vipi. Niliwakaribisha wote. Mmoja wao akikataa kwa lugha yetu, basi sikumkaribisha mtu, na mimi nitakuwa mgeni tena. Wenzake wameshatia mdomoni. Aliyebaki ni yeye.

"Nitakujibu," akasema. "Lakini unichukue."

Nikamwambia ukweli, kwamba tiketi ni ya mtu mmoja. Nikaitoa mfukoni nimwonyeshe. Tiketi ikakohoa.

"Mtu mzima mmoja," ikasema, "na mzigo mmoja wa begani."

Hakuna aliyeiuliza. Nadhani ilichoka kunitazama nikigeuka chokaa. Weupe umefika kiunoni.

"Panda," nikamwambia Mbwana.

"Starehe," Mbwana akasema.

Kutafuna kukakoma. Vichwa thelathini na moja vikageuka pamoja, vikamtazama yeye, si mimi, na nilisikia aibu kwa niaba yake, kana kwamba nimemfumania mtu akitazamwa na wakwe. Kisha viganja viwili vikanishika mabega, baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri, na miguu yangu ikarudi kuwa miguu.

Nikakimbia. Wao hawakuinuka, maana walikuwa na chakula mdomoni, na hata wao wanajua kwamba hivyo havifanywi. Duka la viatu halipo tena. Kona imekuwa ngazi, ngazi zinapanda, na safari hii hazitaji umri. Zinahesabu dakika. Nne, inasema ya chini. Tatu, inasema inayofuata.

Juu kabisa upo ukuta, na ukutani amechorwa mwanamke kwa vigae vya buluu na vyeupe. Amegawanyika katika vigae kumi na viwili, na kimoja kimebanduka, kile cha sikio. Ndiye mlinzi wa lango. Ikabidi nizungumze upande wake mzima.

Akauliza begani nimebeba nini. Nikasema mzigo.

"Uliufunga mwenyewe?"

"Ulifungwa zamani, na watu wengine."

"Umekuwa nao muda wote?"

Mimi nimedanganya wenye mita mbovu, nimemdanganya mke, nimewadanganya wajukuu mpaka wakaacha kuniuliza habari za vita. Nilifungua mdomo nidanganye na huyu. Badala yake nikasikia nasema, "Nimekuwa nao tangu nizaliwe."

Mwanamke wa vigae akanitazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine, maana hayakuwa kwenye kigae kimoja. Akaniambia nipande kwenye mzani. Nikaondoa uzito wangu mimi, ninaoujua, nikasoma kilichobaki, na kusoma namba ndiyo kazi yangu. Kilo moja na robo. Mtu mzima na kikoi chake, baada ya miaka mia tano, kilo moja na robo.

Kengele ikaanza kulia saa sita.

"Pita," akasema.

Nikapita. Nyuma yangu, kutoka mbali chini kule mtoni, nikasikia wanaanza kutafuna upya.

"Usigeuke," Mbwana akaninong'oneza sikioni. Pumzi yake ilikuwa na joto.

Nikaamka. Kumekucha, Bi Mwanasiti anakunja neti. Nikaketi kitandani nikamsimulia ndoto yote bila kuongeza chumvi, na hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza tangu tuoane. Akacheka kama anavyocheka miaka arobaini na minne. Alisema kustaafu kumenizidishia uongo, kwamba zamani angalau nilikuwa nadanganya mambo ya Voi.

Mimi hulala kifua wazi. Nikamgeuzia mgongo kutafuta shati, na kicheko chake kikakatika.

Akaja nyuma yangu. Akaniambia nisitikisike. Mabegani pangu palikuwa na alama mbili za viganja, nyeupe, vidole vimeelekea mbele. Akaweka viganja vyake juu ya zile alama. Vyake vikawa vidogo. Akafuta kwa kidole, akasugua ule unga, akaunusa. Nyumba yetu haina chokaa popote. Tulipaka rangi ya mafuta mwaka juzi.

Akatazama mlango. Akatazama dirisha. Akainama, na magoti yake yale mabovu, akachungulia mvunguni. Kisha akasimama karibu yangu sana na kuniuliza kwa sauti ya chini:

"Baba Rukia, huyu alishukia wapi?"