Bakuli la Tatu

Kila Jumapili saa sita mchana, nikishatoka kanisani na kabla sijavua viatu vizuri, mwanangu Sekela hunipigia simu ya video kutoka Japani. Kwao huwa ni saa kumi na mbili jioni, wanakula. Alikwenda huko kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, akapangiwa kukaa na bibi mmoja mjane aitwaye Fumiko, mwenye kimo cha mtoto wa darasa la nne. Simu huegemezwa kwenye birika la chai, nami naiona meza yote. Ni meza fupi, wanakaa chini kwenye mito.

Wanakaa watu wawili, na mezani kuna mabakuli matatu ya wali.

Nafundisha hesabu darasa la tano hapa Kipawa, mwaka wa ishirini na sita sasa. Mara ya kwanza nilidhani labda kuna mgeni amechelewa. Mara ya pili nikauliza, "Hilo la nani?" Sekela akacheka, akatazama pembeni, akasema, "La mtu tu, mama," kisha akanionyesha samaki. Samaki wenyewe wadogo kama dagaa wakubwa, wamechomwa na vichwa vyao. Nikawasifia. Lakini macho yangu yalibaki kwenye lile bakuli.

Kuanzia siku hiyo nikawa nachunguza. Bakuli la tatu lilikuwa na mfuniko, na wali wake haukuzidi nusu. Pembeni mwake paliwekwa kijiko. Sekela anakula kwa vijiti, bibi anakula kwa vijiti, sasa huyo wa kijiko ni nani? Mjapani hawezi kuwa. Ni mgeni kama yeye, nikajiambia, tena huenda ni Mtanzania kabisa, lijitu limeacha wazazi wake Tabata linakwenda kupikiwa na mwanangu. Na huyo bibi anawafunika.

Kilichonichoma zaidi ni mfuniko. Kabla ya kula, Sekela aliufunua, akatazama upande wa ndani, akatabasamu. Akamwonyesha bibi, naye akatikisa kichwa kwa furaha. Mimi huku na wali wangu wa kupimiwa na daktari nikasukuma sahani. Nani anautabasamia mfuniko?

Chakula cha kumsubiri mtu nakijua. Miaka minne nilimfunikia baba yake Sekela sahani mezani, nikawa naamka alfajiri naikuta ilivyo, nawamwagia kuku. Kumbe mwenzangu alikuwa anashibia Kunduchi, ana nyumba nyingine na watoto wawili. Kwa hiyo mtu asiniambie habari za sahani iliyofunikwa. Nilimwona mwanangu anaanza kazi ileile niliyoifanya mimi, na ana miaka kumi na tisa tu.

Halafu akaanza kunenepa. Jirani yangu Vaileth, mwenye duka la stesheneri hapa mtaani, alichungulia simu Jumapili moja, akamsalimia mtoto vizuri, nilipokata akasema, "Mwalimu, mie sisemi kitu. Ila mtoto kajaa."

"Kajaa nini?"

"Nimesema sisemi kitu."

Wiki hiyohiyo ikaja fomu. Sekela alikuwa amechaguliwa kuongezewa mwaka wa pili, ada na nauli juu yao, ila mpango unataka mzazi akubali kwa maandishi. Alikuwa anaililia nafasi hiyo tangu anafika. Mimi fomu niliiweka chini ya Biblia siku nne. Siku ya tano, Ijumaa, nikaandika SIKUBALI kwa herufi kubwa. Kwenye sababu nikaandika "mambo ya kifamilia". Nikampelekea Vaileth aiskani na kuituma kwa mratibu kule kule Japani. Sekela sikumwambia. Nilitaka kwanza nimwone huyo mwanamume.

Jumapili simu ikaita. Mabakuli matatu, kijiko kipo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Chukua simu, nionyeshe chumba chote."

"Chumba?"

"Nyuma ya mlango, kabatini, kila mahali. Leo namtaka huyo anayekula kwa kijiko. Nimechoka kufanywa mjinga."

Bibi Fumiko akaweka vijiti vyake chini taratibu.

"Mama, hakuna mtu."

"Wali unaliwa na nani? Na hilo tumbo?"

"Tumbo?" Akajitazama. Hapo akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, nikashindwa kujua nijiandae kwa lipi. "Mama, ni lako."

"Nini langu?"

"Bakuli. Bibi alinifundisha. Zamani, mtu wa nyumbani akiwa mbali, walikuwa wanamwekea chakula chake mezani ili asishinde njaa huko aliko. Mumewe alikuwa baharia, ndivyo alivyomwekea. Nilipokuwa nalia sana mwezi wa kwanza, akaniuliza mama yako anakula nini. Nikamwambia wali nusu, kwa sababu ya sukari. Na kijiko, kwa sababu vijiti utavipigia kelele."

Nikauliza la mfuniko, maana ndilo lililokuwa karibu.

"Ukiwa na matone ya mvuke kwa ndani, wanasema yule mtu ni mzima. Ndiyo natazama kwanza."

"Na chakula kinakwenda wapi?"

"Nakula mie. Bibi anasema hakitupwi. Nakula changu, halafu nakula chako, kila jioni. Suruali zote zimenibana."

"Kwa nini usiniambie, Sekela?"

Akashusha macho. "Wewe mzee wa kanisa, mama. Ungesema nafanya matambiko."

Ningesema. Ningesema hivyo hivyo, kwa sauti, na ningeita watu wa maombi. Nilijisikia aibu mpaka masikioni.

"Lakini mimi sijasafiri," nikasema kinyonge. "Nipo hapahapa Kipawa."

"Huku kwangu wewe ndiye uko mbali, mama."

Nikamwambia basi. Nilimwambia fomu nimeijibu Ijumaa, na nimejibu nini. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Bibi akamshika mkono bila kuelewa neno. Mwisho Sekela akasema orodha inafungwa kesho asubuhi saa za kwao, na anayebadili uamuzi lazima aandike sababu ya kweli, mratibu wao ni mkali.

Nilikwenda kwa Vaileth na viatu vya kanisani. Akafungua duka, akatoa fomu nyingine. Nikaandika NAKUBALI. Kwenye sababu kalamu ikanigomea. Miaka ishirini na sita nawasahihisha watoto wa watu, na sijawahi kuandika mahali popote kwamba nimekosea. Nikaandika: "Nilidhani bakuli la tatu ni la mwanamume. Nimeambiwa ni langu."

Vaileth akaisoma mara mbili.

"Mwalimu, hii ndo sababu? Wale Wajapani wataelewa kweli?"

"Wao ndio wataelewa," nikamwambia. "Tuma."