Ubeti wa Tatu

...na huyu mshereheshaji hamalizi, mgeni rasmi anatambulishwa mara ya tatu kana kwamba ukumbi mzima wa parokia haujamwona akiingia na msafara wake, na Marcelina kasimama mstari wa mbele na kwaya yake, viatu vinambana, ubeti wa kwanza maneno, wa pili maneno, wa tatu nota tupu, so so la so mi re mi do, kama siku ya kwanza ya mazoezi kabla hamjapewa maneno, na huo wa tatu ni wake peke yake, wenzake watavuma tu midomo imefumbwa, mwenzake Josepha alimwambia kabisa, dada, leo utaimba nota mbele za watu kama mtoto anayejifunza... "makofi ya kilo kwa mheshimiwa!"... mikono yake inapiga makofi, macho yako nyuma kabisa, alikokaa kaka yake Luhende, shati limefungwa hadi kifungo cha shingoni, ametoka Ipole na basi la alfajiri kuja kusikia shairi lake likiimbwa, alilolitunga mwaka ule mizinga yake ya nyuki ilipochomwa msituni, akalisoma kwenye mkutano wa kijiji, jioni ileile polisi wakamchukua, siku kumi na moja ndani, akarudi mpole mpaka inatisha, hajaandika tena hata barua, na asubuhi alipomwamkia, shikamoo kaka, akasema marahaba, nasikia ule wa tatu unauimba wewe, Marcelina akajibu ndiyo, ndiyo gani, Mungu wangu, ndiyo gani ile... "na wenyeviti wetu wa mitaa, simameni tuwaone!"... Mizinga mmeichoma, nyuki wamekwenda wapi, ubeti wa tatu ni hilo tu, mstari mmoja wa mfugaji wa nyuki, watu wazima wanauogopa, na kwaya nzima inamnunia mwalimu wao Anton kwamba kaingiwa na woga akaufuta maneno, maskini Anton, amebeba lawama isiyo yake, maana ni yeye, Marcelina, aliyemfuata Jumanne baada ya mazoezi, mwalimu, ubeti ule utamrudisha kaka yangu ndani na mimi ndiye nitakayempelekea chakula, hata akalia, na machozi yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa ya nani... kwa sababu Luhende mwenyewe haogopi, mtazame, kakaa wima, anasubiri, na barua yako ya kuomba ualimu mkuu wa shule, iliyo mezani kwa mheshimiwa huyuhuyu tangu mwezi wa tatu, je, hukuifikiria Jumanne ile, sema, aliifikiria, aliifikiria kwanza, kaka alikuja baadaye, kaka alikuwa kisingizio, na aibu inampanda mpaka masikioni, kumbe walimnyamazisha siku kumi na moja tu, zilizobaki dada yake ndiye anataka kummalizia... "kabla ya wimbo, ndugu zangu, nisije nikamsahau mke wa mheshimiwa"... makofi tena, mikono yake safari hii imebaki chini, Anton amegeuka kuelekea kwaya, anamwangalia yeye, Marcelina anachezesha midomo bila sauti, maneno, mwalimu, nitaimba maneno, na Anton anatikisa kichwa, hapana, kisha anamtazama tena usoni na haendelei kutikisa, na mshereheshaji anaomba radhi, kuna diwani mmoja hajatajwa.