Kurumbiza wa Blitar

Ninayoandika hapa ni kweli tupu. Anayebisha aje nimwapie juu ya kaburi la mama yangu, ambaye, namshukuru Mungu, bado anakula vizuri.

Kijijini kwetu, milimani juu ya mji wa Malang, kila Agosti tunasherehekea uhuru kwa kujitetemesha. Tunachanga, tunakodi malori yaliyopangwa maspika kama ghorofa, yanapita polepole yakinguruma. Mwaka juzi besi ilipiga, meno ya bandia ya jirani yangu yakavuka barabara peke yake, tena yakaangalia kulia na kushoto.

Usidhani sisi ni wajinga. Tunajikinga! Mwaka jana watu walibandika madirisha utepe wa gundi, wakashusha vigae, wakahamisha kuku wanaoatamia. Mkuu wetu wa kijiji, Bwana Wiyoto, au Pak Wiyoto kwa lugha yetu, alimfunika shuka kurumbiza wake wa mashindano ya kuimba, akampeleka kwa wakwe zake bonde la pili.

"Ndege huyu ana sikio laini," alisema. "Kishindo kidogo tu, sauti imekwenda."

Kisha akatangaza kwamba watoto wakae mbele kabisa, chini ya maspika, wacheze. Video hutoka vizuri.

Mjukuu wangu Wening, mtoto wa miaka minne, alichaguliwa kupanda lori la kwanza na taji la karatasi.

"Atarudi kiziwi huyo," nilimwambia mama yake, mkamwana wangu Lastri.

"Baba, acha mkosi. Taji nimeshalitengeneza."

"Mtie basi pamba masikioni."

"Pamba! Si ataonekana kama maiti kwenye video?"

Nikaenda kwa Pak Wiyoto. "Pak, sikio la mtoto likishakufa halioti jingine."

"Mbah Kasdi," akaniita kwa heshima ya babu, "mtoto ni mpira. Anadunda."

Basi nikaenda kwenye kibanda cha kahawa cha mama mmoja, Bu Painem, wanakoketi wafuga ndege wote, Pak Wiyoto akiwamo. Nikavuta kiti.

"Mmesikia ya kurumbiza wa Blitar? Bingwa yule? Mwenye ndege alimwacha mwanawe mbele ya maspika, masikio yakaziba. Sasa ukimsemesha mtoto, anapiga kelele: 'Eee? Unasemaje?' Na kurumbiza si anaiga? Siku ya mashindano, majaji kimya, ndege akafungua mdomo: 'Eee? Unasemaje?' Muulizeni jaji Pak Dirjo, alikuwapo."

Mtu mmoja akaweka kikombe chini polepole.

"Akapata alama ngapi?" aliuliza Pak Wiyoto.

"Alama? Kapigwa marufuku yeye, mwenye ndege, na mti alikoanguliwa."

Kesho yake kipaza sauti kililia tangu alfajiri: watoto wote waende ng'ambo ya kilima, na atakayemsogeza mtoto karibu na lori ni adui wa ndege. Wening alibebwa akiwa na taji lake, akinilaani njia nzima.

Sherehe ikapita. Tatizo ni kwamba Pak Wiyoto ana tamaa. Aliona ndege bingwa aliyeharibika atauzwa bei ya kutupa, akaenda Blitar kumnunua ili amfundishe upya. Akarudi na tundu tupu, moja kwa moja hadi kibandani.

"Mbah, Blitar hawamjui ndege huyo. Mtoto hawamjui. Na Pak Dirjo wako anauza matairi!"

"Labda wanaona haya tu—"

"Simama!"

Nikasimama. Kibanda kizima kilikuwa kinanicheka, Lastri aliyekuja kununua sukari akiongoza.

"Basi watoto warudi mbele ya maspika?" aliuliza Bu Painem.

Wafuga ndege wakatazamana.

"Hapana," alisema Pak Wiyoto. "Mzee ni mwongo, lakini kurumbiza kuiga anaiga. Siwezi kubahatisha."

"Na nani atawachunga huko kilimani?"

"Anayeyapenda masikio yao," Lastri akajibu. "Na awalishe."

Ndiyo maana Agosti hii niko ng'ambo ya kilima na watoto wa kijiji kizima, nakaanga ndizi kwa mafuta yangu mwenyewe.

"Mbah, hii imeungua!" anasema Wening.

"Kula. Zimebaki hizo hizo."