Mughwai Aosha Mtungi

Mughwai wa Mungaa hakuwa mtu mbaya. Hili lisemwe mapema, kwa sababu aliyoyatenda ndani ya mtungi wa mkewe yanaweza kumfanya msomaji amfikirie vingine. Alikuwa mume mpole, mwenye mbuzi wachache, shamba moja kubwa la uwele, na mapenzi makubwa mno kwa usafi.

Wiki ile kwelea kwelea walionekana kwenye bwawa la kijiji jirani. Kwa asiyewajua, ni ndege wadogo kama shomoro, ila husafiri kama wingu, na shamba wakilifikia alfajiri, jioni hubaki mabua yanayopepea bila sababu. Uwele wa Mughwai ulikuwa umekomaa, na ndio ungekuwa ugali wa nyumba yake mwaka mzima. Ulitakiwa kukatwa wote kwa siku moja. Mikono yake peke yake ingemaliza kona. Ilibidi aite watu, na Mungaa watu wa kuvuna hawaitwi kwa maneno matupu. Huitwa kwa pombe.

Mpika pombe wa nyumba ile alikuwa mkewe, Evodia, naye alikuwa Itigi kwa binti yao aliyejifungua.

"Ngoja nirudi," alisema Evodia kwenye simu.

"Ndege hawatangoja, mama."

"Basi mwombe Yustina akupikie. Na mtungi wangu usiuguse."

Mughwai alijibu sawa. Hakumwomba Yustina. Yustina alikuwa jirani ambaye ukimwomba chumvi jioni, asubuhi kijiji kizima kinakupa pole. Isitoshe, Mughwai alikuwa amekaa kwenye kigoda miaka mingi akimtazama Evodia akipika pombe, na mtu aliyetazama kazi kutoka kwenye kigoda huwa haoni ugumu wake.

Kupika kwenyewe hakukumshinda. Alikoroga uji, akaupoza, akatia kimea. Kisha akautazama mtungi wa kuchachushia, na moyo wake ukaumia. Ndani ulikuwa mweusi, wenye utando mnene kama ukoko wa sufuria la harusi. Sasa, kila mwanamke wa Mungaa anajua kuwa ule utando ndio unaoiamsha pombe. Mtungi husuuzwa kwa maji baridi tu, na mama humkabidhi binti yake ukiwa na weusi wake. Mughwai hakujua. Alichoona yeye ni uchafu.

Aliusugua kwa sabuni ya unga yenye harufu ya malimau. Aliusugua kwa stili waya. Aliusugua mpaka ukarudi rangi ya udongo, akaulaza juani ukiwa umejaa povu ili sabuni iingie vizuri. Nayo iliingia vizuri, maana udongo hunywa. Alipomimina uji wake, uji ukalala. Ulilala siku hiyo, ukalala na kesho yake, hauna hata kiputo. Hapo Mughwai, kwa ujasiri wa mtu ambaye ameshaalika watu, alitia hamira yote ya maandazi iliyokuwa dukani.

Uji ukaamka. Uliamka na povu jeupe, refu, la kupendeza, likamwagika mpaka sakafuni.

"Evodia mwenyewe hajawahi kufikisha povu hili," alijisemea. Hakuonja. Kuonja ni kwa watu wenye wasiwasi.

Siku ya kuvuna watu walifika kabla jua halijapanda. Mzee Isaka alikuja kama mkubwa wa mtungi, maana mtungi wa shambani lazima uwe na mzee wa kuugawa. Yustina alikuja na togwa ya Waislamu na walokole, ambao pombe hawagusi. Naftali, kaka yake Evodia, alikuja na kisu kilichonolewa na mdomo ulionolewa zaidi.

Wakati wakisubiri umande ukauke, mazungumzo yaliangukia kwenye pombe mbaya.

"Mimi nimekunywa mbaya kuliko zote," alisema Naftali. "Manyoni, karibu na stesheni. Nilikunywa kata moja, treni ikaja, ikaondoka, mimi bado nameza."

"Hiyo ilikuwa nzuri," alisema Yustina. "Marehemu mama mkwe alipika moja, mbwa aliramba kata akahama nyumba."

"Akaenda wapi?"

"Tungejua tungemfuata, tuliobaki ndio tuliokunywa."

Mzee Isaka alikohoa. "Nyamazeni. Mtungi umekuja."

Watu wakanyamaza, kwa kuwa sheria za mtungi Mungaa zinajulikana. Mwenye shamba hunywa kwanza. Pombe ya shamba haisemwi vibaya ukiwa shambani, utayasema vibaya na mavuno. Haimwagwi chini, maana kuimwaga ni kulilaani shamba la mwenzio. Na kila atakayemaliza mstari wake wa uwele huitwa kunywa. Aliye ndani ya mstari haitwi, haguswi, mpaka atokee upande wa pili.

Mughwai alipewa kata. Akanywa.

Ilianza na malimau. Baada ya malimau ikaja ladha ya unga mbichi, na nyuma yake, taratibu, kama mgeni asiyebisha hodi, ikaja sabuni. Macho yake yalijaa maji. Aliuona uwele wake wote, masuke yameinama kwa uzito, na akaona jinsi watu hawa watakavyokumbuka wote kwa pamoja kuwa wana shughuli nyumbani. Akameza.

"Karibuni," alisema, na kiputo kidogo kikamtoka mdomoni kikapaa.

Mzee Isaka alikifuata kile kiputo kwa macho mpaka kilipopasuka. Akanywa yeye. Akafuta mdomo kwa kiganja, mara mbili.

"Ina povu," alisema hatimaye. Alikuwa mzee mkweli.

Yustina, ambaye togwa alikuwa amewaletea wengine, alikunywa akashika kifua. "Mtu akiinywa hii, anajua kwamba amekunywa."

Naftali alikunywa nusu, akatazama chini, akatazama juu, akakumbuka sheria, akamalizia. "Shemeji," alisema kwa sauti nyembamba, "inafika."

"Inafika wapi?"

"Kila mahali."

Kata ikazunguka. Kijana mmoja mwenye miraba minne, aliyejulikana vilabu vyote hadi Ikungi, aliiambia kata ipite, akaomba togwa.

"Togwa ni ya waliookoka," alisema Mzee Isaka. "Wewe umeokoka lini?"

"Sasa hivi, mzee."

Wakaokoka wengine nyuma yake, mpaka togwa ikaisha. Waliobaki walitazamana. Mughwai alitazama kisogo cha kila mmoja akijaribu kukisia nani ataondoka kwanza.

Hakuondoka mtu. Kuondoka baada ya kunywa bila kuvuna ni wizi, na walikuwa wameshakunywa. Naftali ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa kilichowezekana. Aliinuka, akaingia kwenye mstari wa uwele kwa mwendo wa mtu aliyesahau maziwa jikoni. Wengine wakamfuata wakisukumana. Visu vililia, masuke yakaanguka kwenye matenga.

Kwa kawaida Mungaa mtu akifika mwisho wa mstari hunyoosha mgongo, hufuta jasho, na huulizia kata. Siku hiyo Mzee Isaka alisimama mwisho wa mistari, kata mkononi, povu likimwagikia kwenye viatu, akingoja.

"Naftali! Umemaliza, njoo!"

"Bado, mzee!" Naftali alitupa mguu mmoja kwenye mstari wa pili kabla hajautoa mwingine kwenye wa kwanza. "Nimo ndani!"

"Yustina!"

"Nimo ndani, mzee, shikamoo!"

Wale walioishiwa mistari walinyang'anyana iliyobaki. Wawili walidai bua moja. Chakula cha mchana kilipoitwa, walikula ugali wakiwa wamesimama kati ya mabua, wanatafuna na kukata. Mughwai alikimbia huku na huko akibeba matenga mpaka uani kwake, na kila aliporudi shamba lilikuwa limepungua. Alitaka kufurahi, lakini koo lilikuwa bado linateleza.

Jua lilipoanza kulegea, suke la mwisho lilikatwa. Watu walitoka upande wa pili, upande usio na mtungi, wakaaga kwa mbali kwa kupunga visu.

Alfajiri kwelea kwelea walikuja. Waliliziba anga juu ya nyumba ya Mughwai, wakatua kwenye mabua yake, wakapiga kelele za watu waliodanganywa, kisha wakainuka wote kwa pamoja kuelekea bondeni, kwenye shamba la Naftali. Mughwai alisimama mlangoni peke yake, Evodia akiwa bado Itigi, akiegemea rundo la uwele lililofika kwenye paa, akawasindikiza kwa macho.

Hazikupita dakika nyingi, Naftali akatokea anahema, tope mpaka magotini.

"Shemeji, habari za asubuhi."

"Nzuri. Wamekuja kwako?"

"Wanakuja. Watoto wanawafukuza kwa madebe. Na mimi leo nimeita wavunaji, wamekuja wengi."

"Sasa?"

"Sasa mke wangu amepika." Naftali alikuwa karibu kulia. "Pombe tamu, shemeji. Tamu mno. Wameketi chini ya mti tangu jogoo wa kwanza, wanaimba, kisu hakijachomolewa. Ile yako imebaki?"

"Imebaki mtungi karibu mzima."

"Niazime."

Mughwai alimtazama. Hapo walikuwa uani, si shambani, na mtu alikuwa huru kusema.

"Kwanza niambie ilikuwaje."

Naftali alivuta pumzi. "Shemeji, nimeiota. Nimeamka nikiwa nameza."

Mughwai akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mwalimu anayepokea jibu sahihi, akashika mtungi sikio moja. Naftali akashika la pili. Waliubeba kwa uangalifu mkubwa, wasimwage hata tone, wakateremka nao bondeni mbio.